Mifupa ya Sangara Iliyokunywa Mtaro Mzima

Benchi letu la Kigera liko pale mtaro unapopita chini ya barabara, na kama hulijui wewe si mtu wa Musoma, utakuwa umeshushwa jana na basi la Bunda. Ni ubao mmoja, unabeba watu watano wenye njaa au watatu walioshiba, na umekaliwa mpaka umelainika kuliko shavu la kichanga. Mwaka huo ni tisini na tatu. Ruksa ya biashara ilishaingia mpaka vyumbani. Sukari unanunua bila foleni, mitumba imejaa soko la Nyasho mpaka mbuzi wanavaa, kiwanda kikubwa cha nguo kimepunguza watu kama unavyopunguza mawe kwenye mchele, na sisi tusio na kazi tulikuwa na kazi moja: kukaa hapo tangu saa moja asubuhi, kunywa kahawa ya Renatus na kuusoma mtaro. Maana mtaro wetu ulikuwa unasomeka. Ukipita mwekundu, ujue Getruda wa banda la nyuma yetu anapaka rangi vitenge vya harusi. Ukipita wa bluu, kuna kwaya imeagiza sare. Ukipita wa zambarau, kuna tajiri amekufa na ukoo unataka ufanane msibani. Gazeti la Dar lilikuwa linatufikia baada ya siku tatu. Mtaro ulikuwa unatoa habari moto moto.

Jumatatu hiyo tulikuwepo walewale. Kulikuwa na Felisian, tunamwitaga Katapila, kwa sababu aliendeshaga katapila la barabara mpaka katapila likafa, yeye akabaki. Kulikuwa na Wanzagi wa Butiama, tunamwita Wakili. Huyo alikaaga miaka miwili nje ya mahakama akiuza karanga, sheria zote zikamwingilia kupitia dirishani. Renatus mwenye birika alikuwepo, mtu wa maneno machache kwa sababu anayalinda makaa yake. Na mimi Masatu, Fomu Tuu kwa jina la heshima, mtu pekee wa benchi hilo aliyefika kidato cha pili. Ningefika cha sita kama mwalimu wa hesabu asingenionea wivu.

Mtaro ulikuwa mwekundu. Getruda akatokea bandani akiwa na karatasi mkononi.

Huyu Getruda alifanya kazi idara ya rangi kule kiwanda kikubwa miaka kumi na moja. Walipompunguza, alikusanya wenzake sita waliopunguzwa naye, wakapata banda mgongoni kwa benchi letu, wakapanga mapipa, wakaanza kupaka rangi wenyewe. Ni mwanamke mrefu, mikono ina rangi mpaka kwenye viwiko. Akikupa mkono asubuhi, mpaka jioni mkeo anakuuliza ulikuwa wapi. Na hakai. Tangu afungue lile banda hajawahi kukaa kwenye benchi letu hata kufunga kamba ya kiatu.

Getruda: Hamjambo.

Wakili: Hatujambo, shemeji. Leo harusi.

Getruda: Leo barua. Fomu Tuu, si unasemaga umesoma? Haya soma, kwa sauti.

Nikaisoma kwa sauti ya askofu. Barua ilitoka kwa Bwana Afya. Ilisema Ijumaa saa nne asubuhi atakuja kuchota maji ya mtaro kwenye chupa nyeupe. Yakionekana na rangi yoyote, banda linafungwa siku hiyohiyo.

Katapila: Nani amekuchongea?

Getruda: Hajanichongea mtu. Gauni za komunio ya kwanza, kumi na nne, zimefuliwa pale mtaro unapoingia ziwani. Zimetoka waridi. Zote.

Renatus: Waridi kabisa?

Getruda: Waridi la kupendeza. Mimi mwenyewe ningeipata rangi hiyo kwa shida. Lakini mtoto atampelekeaje padri gauni la waridi? Hao mama wana haki. Nimezichukua jana nikazing'arisha kwa mikono yangu, zimerudi nyeupe. Ila maji yataendelea kuwa mekundu, ndiyo shida.

Mimi: Si umwage rangi kidogo tu kwenye pipa?

Getruda: Rangi haiingiagi yote kwenye nguo, Fomu Tuu. Nguo inashika inachoweza, inayobaki inaondoka na maji. Hata kule kiwanda kikubwa ilikuwa hivyo. Tuko saba mle bandani. Kiwanda kilishatutoa, na banda nalo likifungwa hakuna mlango wa tatu.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anataja bei ya nyanya. Ndiyo maana tukajua ni kweli. Benchi likaingia kazini hapohapo.

Katapila: Hilo dogo. Nipeni katapila siku mbili. Nachimba shimo kutoka hapa nalitokeza Tarime. Maji yanazama, wakaulizane wao huko.

Wakili: Katapila lako limekufa tangu Amin yuko Kampala.

Katapila: Limelala. Chuma haifi.

Wakili: Tulieni, mambo ya sheria haya. Barua inasema rangi "ikionekana". Kwa macho ya nani? Haijataja. Mahakamani hiyo inaanguka asubuhi. Mimi nitamwambia, mheshimiwa, mimi hapa sioni kitu, leta shahidi wako, na mimi naleta wangu saba.

Getruda: Mashahidi saba wana mikono myekundu.

Renatus: Mama yangu anatiaga shabu kwenye maji ya ziwa. Tope linakaa chini.

Getruda: Nimetia shabu wiki nzima iliyopita. Tope limekaa chini, wekundu umebaki juu unaniangalia.

Hapo ikabidi elimu isimame. Nikaweka kikombe chini.

Mimi: Sikilizeni sayansi. Jua linakula rangi. Mama yangu ana pazia, lilikuwaga na maua makubwa namna hii, jua likala, sasa hivi limebaki na vivuli vya maua. Kwa hiyo tunachukua haya maji, tunayatandaza kwenye uwanja wa ndege, jua la saa sita linayapiga, saa nane ni meupe kama ya mbinguni.

Getruda: Pazia lilichukua muda gani?

Mimi: Miaka tisa.

Getruda: Mimi nina siku nne.

Katapila: Basi yapelekeni kwa bomba mpaka Serengeti. Pundamilia wanywe. Mzungu anayelipa kuona pundamilia mweupe na mweusi, atalipa mara ngapi akimwona mweupe na mwekundu?

Wakili: Mbona mbali. Ng'ombe wa Butiama wapo. Wakinywa wanatoa maziwa ya waridi, tunauza kwa watoto wa matajiri.

Mimi: Na ng'ombe akichinjwa, ngozi inatoka imeshapakwa, hakuna haja ya kiwanda cha viatu.

Getruda alikunja barua yake.

Getruda: Nilikuja mnisaidie kusoma. Kuwaza sikuwaombeni.

Akarudi bandani. Tulimwonea huruma sana, tukaongeza kahawa.

Jumanne asubuhi mambo yakaja na karai kichwani. Karai lilikuwa la Skolastika, mama wa Nyasho anayekaanga mapanki. Mapanki ni yale makombo ya sangara, kichwa na uti wa mgongo, yanayobaki viwandani minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Wazungu wanakula nyama, sisi tunakula salio lake. Skolastika akishauza mapanki na watu wakashiba, mifupa haimpotelei. Anaiweka kwenye pipa, anaichoma mpaka iwe nyeupe kama chaki, anamuuzia Keraryo wa Bunda, naye anawasagia kuku wake. Mfupa mweupe ndio Keraryo anautaka. Siku hiyo mifupa kwenye karai ilikuwa myeusi kuliko moyo wa mwalimu wangu wa hesabu.

Mimi: Mama Skola, hao sangara walikufa kwa moto wa jehanamu?

Skolastika: Niache, Masatu. Jana jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Pipa limeshashika moto, moshi unanuka samaki, na akina mama wanakuja na rozari zao. Nikasema hapana, sitamsalisha mtu kwenye harufu. Nikafunika pipa na bati, nikakandika tope pembeni, hata uzi wa moshi haukutoka. Tukasali vizuri, wakanisifia nyumba inanukia. Leo nafungua, ona. Keraryo amenitumia gari, dereva amecheka mpaka akakaa chini.

Katapila: Ulifunika moto? Moto unapumua mama.

Skolastika: Sasa najua. Ungekuja jana kunifundisha.

Akainama, akamwaga karai lote kwenye mtaro, juu kidogo ya benchi, akalipiga karai teke la mwisho na kwenda zake. Mifupa ikaziba mtaro kama ukuta. Maji mekundu yakaanza kujaa nyuma yake. Tukamsema kidogo akiwa mbali hasikii, kisha tukaendelea na hoja yetu, ambayo Wakili alikuwa ameshaifikisha kwenye Umoja wa Mataifa.

Ilipita kama saa nzima. Wakili ndiye aliyekatisha.

Wakili: Leo Getruda hajapaka?

Katapila: Anapaka. Humsikii anaimba?

Wakili: Mbona mtaro haujasema kitu?

Tukaangalia. Mbele ya miguu yetu, maji yalikuwa yanapita taratibu, membamba, unaona kokoto moja moja chini yake. Nikageuza shingo. Nyuma ya ile mifupa myeusi maji yamejaa, mekundu kama divai ya misa. Mbele ya mifupa, meupe. Mekundu, mifupa, meupe. Nilisimama. Mimi ndiye niliyesimama kwanza, na atakayekwambia Wakili aligundua, muulize Wakili alikuwa amekaa au amesimama.

Nikamwita Getruda kwa sauti iliyowatoa bata ziwani. Akaja anafuta mikono. Akachukua glasi mbili za Renatus, akachota moja mbele ya mifupa, akaiinua kwenye jua. Akachota na ya pili nyuma. Akazishika mbili pamoja, moja mkono huu, moja ule, akasimama hivyo muda ambao mtu anaweza kuoa na kuachika.

Getruda: Mwiteni Mama Skola.

Renatus mwenyewe akaacha birika, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu uhuru, akakimbia Nyasho. Akamrudisha Skolastika amekunja uso, akidhani anadaiwa kusafisha mtaro.

Getruda: Mama Skola, umeifanyaje hii mifupa?

Skolastika: Si nimeiunguza. Nitaitoa, msinipigie kelele.

Getruda: Umeiunguzaje? Nieleze polepole, usiruke kitu.

Skolastika akaeleza tena, jumuiya, bati, tope, rozari na yote. Getruda akawa anaitikia kwa kichwa kama anasikiliza Injili.

Getruda: Kule kiwanda kikubwa maabara walikuwaga na unga mweusi. Unatoka nje ya nchi kwa magunia. Maji yenye rangi wakiyapitisha humo yanatoka meupe. Fedha za kigeni zilipokauka, unga nao ukakauka, hatukuuona tena. Mimi nikidhani lazima utoke Ulaya.

Mimi: Kumbe Ulaya wanachukua minofu na wanatuachia unga.

Getruda: Fomu Tuu, leo kwa mara ya kwanza umesema kitu.

Hayo maneno niliyaweka moyoni, ninayo mpaka leo.

Jumatano tukafungua kiwanda. Siyo banda, kiwanda, maana sasa kulikuwa na uhandisi ndani yake. Getruda akatoboa pipa chini, akatandika kokoto, juu yake mchanga wa ziwani, juu yake mifupa myeusi iliyopondwa, juu kabisa mchanga tena. Tukamimina maji mekundu. Tukapanga mstari kuangalia kwenye matundu kama watu wanasubiri mtoto azaliwe. Yakatoka meusi tii.

Wakili: Kwa mujibu wa barua, nyeusi nayo ni rangi.

Getruda: Nyamaza. Ni vumbi la mifupa. Tungeiosha kwanza.

Tukaosha mifupa. Ndoo ya kwanza ya maji mekundu ikatoka nyeupe, tukapiga makofi. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe. Ya nne ikaja na haya kidogo, ya tano waridi kabisa, kama zile gauni.

Getruda: Imeshiba. Mifupa kidogo, na imepondwa vipande vikubwa, maji yanapita pembeni. Tunahitaji mapipa manane, mifupa ipondwe iwe kama mchele wa kuvunjika. Katapila, nimekuachia uchomaji tangu asubuhi. Iko wapi?

Katapila akaileta kwa fahari, mapipa matatu. Akafunua. Ndani mifupa ilikuwa nyeupe kama chaki.

Skolastika: Hukufunika?

Katapila: Nilifunika mama. Ila nilikuwa nakagua. Kila baada ya muda nafungua kidogo naangalia kama inakwenda vizuri.

Skolastika: Ulifungua mara ngapi?

Katapila: Mara chache tu. Ishirini, thelathini hivi. Mtambo lazima ukaguliwe.

Getruda alichukua konzi moja ya hiyo nyeupe, akaitia kwenye glasi ya maji mekundu, akakoroga. Mekundu yakabaki mekundu, chini kumekaa chaki. Akachukua konzi ya ile ya Skolastika, akakoroga, akaiacha itulie. Maji yakafunguka, yakawa meupe.

Getruda: Umeona, Katapila? Iliyofunikwa mpaka mwisho ndiyo inashika rangi. Ukiipa hewa inaungua yote, inabaki chokaa.

Katapila: Basi Keraryo atafurahi.

Getruda: Keraryo atafurahi. Mimi nimebakiza siku moja.

Mapanki yote aliyokuwa nayo Skolastika yalikuwa yameshakuwa chaki. Mimi nilikuwa na wazo kuhusu kuvuta umeme wa radi, lakini nikaona nisilitoe.

Skolastika akajifunga kanga kiunoni.

Skolastika: Hao akina mama wa gauni, kumi na nne wote wako jumuiya yangu. Nakwenda kwao.

Wakili: Hao si ndio walalamikaji? Huwezi kumwomba mlalamikaji amtetee mshtakiwa, kesi inavunjika.

Skolastika: Ndiyo naitaka ivunjike.

Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba Alhamisi saa moja, kabla Renatus hajawasha makaa, barabara ya kutoka Nyasho ilikuwa imejaa wanawake wenye makarai kichwani, na ndani ya makarai mifupa ya sangara wa ukoo mzima. Kulikuwa na vichwa vikubwa kama vya ndama. Kulikuwa na uti wa mgongo mmoja ambao ukiulaza ungefika Ukerewe. Waliwasha mapipa kumi na mbili. Wakafunika mabati, wakakandika tope, na Skolastika akamweka Katapila kwenye kiti katikati ya hayo mapipa, amempa kazi moja tu.

Skolastika: Kazi yako ni kutokugusa. Unaweza?

Katapila: Mama, mimi nimeendesha tani kumi na nane.

Skolastika: Sikukuuliza tani.

Na kweli hakugusa. Alikalia mikono yake miwili. Jasho lilimtoka kuliko siku zote alizowahi kufanya kazi. Mchana mapipa yakapoa, yakafunguliwa, ndani mifupa myeusi tii, inang'aa. Akina mama wakakaa chini na mawe wakaanza kuponda, huku wanaimba nyimbo za Kwaresima kwa mapigo ya harusi. Mimi niliponda sana. Walionihesabu wanasema karai moja, lakini hawakuhesabu ushauri niliotoa. Mpaka jua linazama mapipa manane yalikuwa yamesimama mstari mmoja kama ngazi, kila moja linamwagia linalofuata, yamejazwa, yameoshwa, yanasubiri.

Ijumaa saa nne kamili akaja Bwana Afya na pikipiki. Anaitwa Bwana Kwangu, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama peke yake. Kwenye begi ana chupa nyeupe na karatasi nyeupe.

Bwana Kwangu: Ndugu Getruda.

Getruda: Karibu, Bwana Afya.

Bwana Kwangu: Leo mnapaka rangi gani?

Getruda: Bluu. Sare za kwaya, ile nzito.

Katapila akaniinamia sikioni.

Katapila: Kwa nini asipake njano? Njano unaidanganya.

Getruda alimsikia. Hakugeuka.

Getruda: Nikimwonyesha njano leo, kesho atanikuta kwenye bluu. Aione bluu.

Bwana Kwangu akaenda kwanza pale maji yanapotoka bandani. Akachota, akainua. Ilikuwa bluu ya usiku wa manane, mtu angeandikia barua. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Getruda alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, na wale sita wenzake wamejipanga nyuma yake kama timu inasubiri penati. Akina mama wa gauni wamejaa upande wa pili wa mtaro.

Bwana Kwangu akasuuza chupa, akaja mpaka kwenye matundu ya pipa la mwisho. Akachota. Akaweka karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Akainamisha, akainua, akaipeleka kwenye jua. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akatoa ile barua yake mwenyewe, nakala, akaiweka nyuma ya chupa, akaanza kuisoma kupitia maji. Midomo yake ilikuwa inatembea. Aliisoma yote mpaka sahihi yake.

Bwana Kwangu: Haya maji mmeyatoa ziwani.

Getruda: Hapana.

Bwana Kwangu: Mmeyatoa bombani.

Wakili: Bomba la Kigera lina mwezi halijatoa hata hewa, mheshimiwa.

Getruda: Chota mwenyewe kwenye pipa la rangi, Bwana Afya. Mimina kwa mkono wako.

Akavua saa. Akakunja mikono ya shati lile. Akachota ndoo nzima ya bluu kutoka kwenye pipa walilokuwa wanatoa sare, akabeba mwenyewe, akamimina kwenye pipa la kwanza. Tukayafuata yakishuka, la pili, la tatu, polepole, yanakawia mpaka unatamani kuyasukuma. La nane likaanza kutoa. Akakinga chupa. Kokoto ungezihesabu upande wa pili wa chupa.

Halafu akaangalia mikono yake mwenyewe, imekuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko, kama ya Getruda.

Bwana Kwangu: Hii ni dawa gani?

Skolastika: Mapanki.

Bwana Kwangu: Nimeuliza dawa.

Skolastika: Na mimi nimejibu.

Hapo nikaona ni wakati wa elimu kuthibitisha. Nikaichukua ile chupa mkononi mwake kwa heshima.

Mimi: Bwana Afya, ili ujue ni salama, mimi Masatu nitayanywa mbele ya serikali.

Getruda akainyang'anya ilipofika mdomoni.

Getruda: Rangi imetoka, Fomu Tuu. Chumvi na magadi tunavyoshikishia rangi bado vimo. Ukinywa utakimbia chooni mpaka Pasaka.

Bwana Kwangu akacheka, mara moja tu, kama mtu anafungua soda. Akageuza ile nakala, akaiweka juu ya tangi la pikipiki, akaandika nyuma yake kwamba banda liendelee na kazi, na yeye atakuwa anakuja kupima kila mwezi. Akasaini. Kidole chake kikaacha doa la bluu pembeni ya sahihi, likawa kama muhuri.

Vigelegele vilivyopigwa pale, wavuvi wa Kenya walirudisha nyavu wakidhani ni vita. Wale wenzake sita walimbeba Getruda juujuu mpaka miguu ikagonga paa. Akina mama wa gauni walishuka mtaroni wakaanza kufua hapohapo, vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, wanavua, wanachovya, wanainua, vyeupe, wanachovya tena. Pikipiki ya Bwana Kwangu ilikataa kuwaka, tukamsukuma mpaka karibu na Nyasho, na tungemsukuma mpaka Bunda kama angetaka.

Tuliporudi benchi likawa na kazi ya kugawa sifa.

Katapila: Semeni ukweli. Mimi nisingefungua yale mapipa, nani angejua kwamba lazima yafunikwe?

Wakili: Mimi ndiye niliyeuliza mtaro umenyamaza. Swali ndilo mwanzo wa ushahidi.

Renatus: Glasi ni zangu.

Skolastika: Mfupa wangu, pipa langu, bati langu.

Mimi: Sayansi haina wangu. Lakini andikeni, kabla ya mwaka kwisha watakuja watu wa Bombei na watu wa Manchesta, wamebeba maji yao ya rangi kwa meli, wanapanga foleni hapa Kigera. Ziwa litakuwa jeupe mpaka sangara wanaogopa kuonekana. Tutasafisha na bahari. Bahari ya Shamu, ile nyekundu, tutaitoa wekundu wake.

Getruda alikuwa amesimama hapo pembeni na kikombe cha kahawa, anasikiliza, anatabasamu, mikono ya bluu.

Hapo pikapu ya Bunda ikasimama. Akashuka mwanamke mmoja ana gunia mgongoni, mgeni kwetu. Akasema anaitwa Miriamu, ametoka Kibara, amesikia njiani kwamba Kigera wanataka mifupa ya sangara. Tukamkaribisha kama balozi. Nikamtembeza mimi mwenyewe, nikamwonyesha pipa moja moja, rangi inapoingia, weupe unapotoka. Hakuwa mtu wa kushangaa haraka. Alizunguka mpaka ubavuni mwa banda, hatua chache kutoka benchi, akalikuta lundo la mifupa tuliyoitoa kwenye pipa la Jumatano, akalipiga kidogo na kidole cha mguu.

Miriamu: Hii ndiyo imeshatumika?

Mimi: Ndiyo hiyo. Imeshiba, haiwezi kunywa tena hata tone.

Miriamu: Kwa hiyo rangi yote iko humu ndani.

Mimi: Yote. Haitoki.

Miriamu: Sasa na hii mtaipeleka wapi?

Nikamwangalia Katapila. Katapila akafungua mdomo, nikajua ni shimo la Tarime, lakini akaufunga. Wakili alikuwa anatafuta kifungu juu angani. Renatus aliinama kwenye makaa yake ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mimi, mwenye kidato, niliangalia lile lundo, nikahesabu kichwani mapipa manane kila wiki, nikaona mlima. Sikuwa na hata uongo mmoja.

Getruda akaanza kucheka. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Getruda: Wiki nzima nangojea swali la maana litoke kwenye hili benchi, limekuja kutoka Kibara. Tua gunia, dada. Kaa hapa na mimi tuliangalie hilo swali. Nyie sogeeni.

Tukasogea, na Getruda akakaa kwenye benchi letu.